Hakuna Aliyekuwa "Akiongoza"

Juzi jioni barazani, kahawa bado inachoma ulimi, mzee mmoja tunayekaa naye kila siku akanigeukia. "Mwalimu, wewe ulikuwa ndani. Leo sema kweli. Mwaka ule wa 2022, kwenye uchaguzi wa rais, si jamaa alikuwa akiongoza, tukalala, tukaamka wameshageuza?"

Nikajaza kashata mdomoni nisije nikamjibu vibaya. Mzee ni rika la baba yangu. Lakini swali hilo nimeulizwa harusini, nimeulizwa matangani, nimeulizwa ndani ya feri ya Likoni, na mara moja nimeulizwa na daktari wa meno, vidole vyake vikiwa kinywani mwangu, mahali ambapo mtu hana namna ya kujitetea. Na 2027 yanukia. Nimechoka. Naandika hapa mara moja, na atakayeniuliza tena nitamtumia ukurasa huu nimalize kahawa yangu kwa amani.

Kwa asiyenijua: nafundisha hisabati shule ya upili hapa Mombasa, na nimesimamia kituo cha kupigia kura mara tatu, 2013, 2017 na 2022. Nina mtu niliyempigia kura kama nyinyi, na sitamtaja.

Jibu la mzee ni hili. Hakuna aliyekuwa akiongoza. Si huyu, si yule. Kuongoza ni neno la mbio. Mwanariadha aliye mbele kwenye mzunguko wa tano yuko mbele kweli, na mwenzake akimpita, kuna kitu kimetokea uwanjani. Kura hazikimbii. Jioni ya tarehe 9 Agosti 2022 foleni zilipokwisha, kura zilikuwa zimeshalala masandukuni, na hesabu yake ilikuwa imeshatimia hata kama hapakuwa na binadamu aliyeijua. Mlichokuwa mkikitazama kwenye runinga, zile pau mbili za rangi zikipandana kama jogoo, kilikuwa ni mpangilio wa karatasi kufika. Basi.

Nichukulie mimi nikisahihisha mtihani wa kidato cha tatu. Karatasi 48 ziko mezani. Kumi za juu ni za wale wa dawati la mbele, wanaokusanya mapema kwa kujiamini. Nikipiga wastani hapo napata 71, nafurahi, naenda kunywa chai. Nikirudi nakutana na rundo la akina mwenye-kuchungulia-dirishani, wastani unaporomoka hadi 52. Je, kuna mtu aliyeingia chumba cha walimu akaziiba alama zangu 19 nikiwa kwenye chai? Wastani wa darasa ulikuwa 52 tangu kalamu zilipowekwa chini. Mimi ndiye niliyekuwa sijamaliza.

Sasa badala ya karatasi 48 weka vituo 46,229. Kituo chenye mtandao mzuri hutuma fomu yake mapema; kituo ambacho msimamizi anahangaika na kifaa akitafuta mawimbi hutuma usiku wa manane au alfajiri. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi, IEBC, iliziweka picha za fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya kila kituo, kwenye tovuti yake, kila mtu azione, na vyombo vya habari vikaajiri vijana wa kuzifungua moja moja na kunakili nambari. Kila chombo kilianzia kilipotaka. Ndiyo maana usiku mmoja stesheni moja ilimweka huyu mbele, ya pili ikamweka yule mbele, na mzee wangu akabadilisha stesheni kila robo saa akitafuta ile inayompendeza. Fomu zilikuwa zilezile. Halafu vijana wakachoka, stesheni zikapunguza kasi, wengine wakaacha kabisa kabla ya mwisho, na kule kuacha nako kukageuzwa ushahidi. Mimi naamini kulikuwa na ushahidi wa usingizi, nikikumbuka sura zao hewani, ingawa nakubali kuacha bila maelezo ni kumchokoza mtu mwenye shaka.

Mlolongo wenyewe nitaupitia haraka maana umeshaelezwa hadi makondakta wanaujua. 34A ni ya kituo, 34B ni ya eneobunge, 34C ni ya taifa. Msimamizi anahesabu mbele ya maajenti wa wagombea, anajaza 34A, wanaweka sahihi, anaitangaza, anaipiga picha kwa kifaa cha KIEMS, kilekile kinachotambua wapiga kura, na kuituma, nakala moja inabandikwa mlangoni, fomu yenyewe inasafiri kwa mkono. Bomas, kituo cha taifa cha kujumlisha kura kule Nairobi, wanajumlisha na kulinganisha. Hawapigi kura kule. Mnaosema "matokeo yametoka Bomas" mna haki ileile ya mtu anayesema maji yanatoka bombani.

Nitakaa zaidi mahali ambapo hakuna kamera inayokwenda, yaani darasani, saa nne usiku.

Kituo changu cha 2022 kilikuwa darasa la shule ya msingi lenye ramani ya Afrika iliyochanika Sahara. Asubuhi tulianza na karatasi tano badala ya sita, kwa kuwa uchaguzi wa gavana wa Mombasa ulikuwa umeahirishwa siku moja kabla (ulikuja kufanyika 29 Agosti), na mpaka saa nne mchana kazi yangu kubwa ilikuwa kuwaeleza watu kwamba hawajaibiwa karatasi ya sita. Jioni tukapanga madawati, maajenti wakakaa upande mmoja, makarani upande wa pili, tukakata sili za sanduku la rais kwanza. Unatoa karatasi moja. Unaikunjua. Unaiinua juu ili kila jicho liione. Unalitaja jina kwa sauti. Unaiweka kwenye rundo lake. Halafu ya pili. Mtu akiniambia kura za kituo changu zilibadilishwa "kwenye kompyuta" huwa nakumbuka mkono wangu wa kulia ulivyouma.

Kifaa kilikuwa kimetambua wapiga kura 264. Karatasi sandukuni 264. Halali 261, zilizokataliwa 3. Mmoja wa wagombea alikuwa na 158. Nikakaa kujaza fomu, nikaandika 185.

Sikuiona. Nilikuwa macho tangu saa tisa usiku wa kuamkia siku ile. Jumla ikagoma, imezidi kwa 27, na kwa sekunde chache damu iliniganda, maana 27 ni nambari inayoweza kumfanya ajenti asimame juu ya dawati. Kilichoniokoa ni ujanja wa wahasibu wa zamani ninaowafundisha wanafunzi wangu: tofauti ikigawanyika kwa tisa, kwanza tafuta tarakimu ulizozigeuza. Ishirini na saba kwa tisa, tatu kamili. Nikarudi kwenye safu, hiyo hapo. Nikakata kwa mstari mmoja, nikaandika 158, nikaweka sahihi pembeni, maajenti wakaweka zao. Fomu yangu ina mkwaruzo mpaka leo. Anayeikuza picha yake kwenye simu ataona "ushahidi" mzuri sana wa fomu iliyochezewa.

Kabla sijafika kwenye asilimia, kuna neno moja linaloniwasha kuliko yote. Watangazaji, wanasiasa, hata mawakili wakiwa nje ya mahakama, wote wanasema "kura zilizoharibika". Kura iliyoharibika ni kitu kingine kabisa! Mpiga kura akikosea ndani ya kibanda, akatoka na karatasi mkononi, akaniambia "Mwalimu, nimeweka alama pasipo," mimi naipokea ile karatasi, naifuta, nampa nyingine. Hiyo ndiyo iliyoharibika. Haikuingia sandukuni. Haihesabiwi popote pa ushindi, iko kwenye hesabu ya karatasi tu. Iliyokataliwa ni ile iliyoingia sandukuni ikatoka usiku, na sheria ikasema haifai: ina alama kwa wagombea wawili, haina alama yoyote, haina alama za usalama, au imeandikwa kitu kinachoweza kumtambulisha mwenyewe. Ya kwanza ni kosa lililosahihishwa. Ya pili ni mtu aliyeamka alfajiri, akapanga foleni, akapakwa wino, na sauti yake ikaishia kwenye bahasha ya zilizokataliwa. Kuyaita yote mawili jina moja ni kama kuita mimba na mtoto kitu kimoja.

Na usidhani kukataa ni kazi ya kufumba macho. Wengi wanaamini alama ikitoka nje ya kisanduku kura imekufa. La. Alama ikiwa mahali pasipo pake, au ikiwa tiki badala ya mkasi (alama ya X), kura ni halali ilimradi nia ya mpiga kura iko wazi. Nimezipitisha zenye duara, zenye mstari chini ya jina, moja yenye mkasi mkubwa uliofunika uso wote wa mgombea kana kwamba amemfuta, na ajenti wa yule mgombea akala yamini kwamba ule ni upendo. Wagombea wengine hawakuguswa. Nikaipitisha. Nia ilikuwa wazi, ingawa hasira nayo ilikuwa wazi.

Lakini ya tatu kati ya zile tatu zangu mpaka leo inaniamsha. Ilikuwa na alama safi, mkasi ndani ya kisanduku, hakuna ubishi. Pembeni, kwa kalamu ileile, mwenyewe aliweka sahihi yake. Mtu mzima, naona alivyofikiri: hati yoyote muhimu aliyowahi kuijaza aliambiwa aweke sahihi, benki, shule, mahakama ya kadhi. Akaona hii ndiyo muhimu kuliko zote. Na kwa kuitilia mkazo akaiua, maana sahihi inamtambulisha. Ajenti mmoja akabisha, "Mwalimu, wewe unamjua mwenye sahihi hii?" Simjui. "Mimi nimjue?" Hamjui. "Sasa imemtambulisha kwa nani?" Sikuwa na jibu zuri. Nilikuwa na kanuni. Nikaikataa, pingamizi lake nikaliandika. Vitabu vya mafunzo vinaeleza jambo hili kwa mstari mmoja na nusu, kana kwamba mstari huo haukatizi roho ya mtu.

Sasa zidisha. Mwaka 2022 kura zilizokataliwa nchi nzima zilikuwa 113,614. Zigawe kwa vituo 46,229, unapata mbili na nusu kwa kila kituo. Zangu tatu hazikuwa ajabu. Mwaka 2013 zilikuwa 108,975 za mwisho, ila kwanza kwenye skrini ya Bomas zilisomeka zaidi ya 300,000, nchi ikashika kichwa, ndipo tume ikaeleza kwamba programu ilikuwa inazizidisha kwa nane. Nane! Mimi mwanafunzi akizidisha kwa nane bila kuambiwa namrudisha mstari wa kwanza.

Je, zinaingia kwenye mgawanyo wa asilimia? Hapa pana vita ya kweli. Katiba, kifungu cha 138, inataka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa. Zilizopigwa. Mwaka 2013 tume iliziingiza, na Uhuru Kenyatta akapata 50.07, kura zipatazo 8,400 tu juu ya nusu. Mahakama ya Juu ikasema Machi 2013 kwamba zilizokataliwa hazimo, kura ni ile iliyo halali, na 2017 ikaombwa ibadilishe na haikubadilisha. Naufuata uamuzi. Lakini nisipokuwa na sare ya tume, nikiwa mtu wa kawaida anayesoma Kiswahili, karatasi iliyotumbukizwa sandukuni imepigwa. Yule bwana wa sahihi alipiga kura. Mahakama imesema hakupiga, na nakiri sijawahi kuridhika sawasawa.

Bahati nzuri kwa 2022 ubishi huo haukubadilisha kitu. William Ruto alipewa kura 7,176,141, Raila Odinga 6,942,930, George Wajackoyah 61,969, David Mwaure Waihiga 31,987. Jumlisha wote wanne: 14,213,027. Nusu yake ni 7,106,513 na nusu ya mtu. Ruto yuko juu ya hapo kwa 69,627. Ukilazimisha kuziingiza zilizokataliwa, nusu inapanda kuwa 7,163,320 na nusu, naye bado yuko juu kwa 12,820. Kwembamba, lakini pamepitika. Ile sharti ya robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47 haikuwa na utata. Ruto aliifikia katika kaunti 39, Raila 34.

Na tafadhali, hakuna mahali Katiba inasema "asilimia 50 na moja". Inasema zaidi ya nusu. Nimekutana na mtu mwenye shahada anayeamini inahitajika asilimia 51. Kwa hesabu za 2022, kura 7,106,514 zilitosha. Hata aliyebuni usemi wa "hamsini jumlisha moja" alimaanisha kura moja, si asilimia moja. Tuendelee kabla sijapanda shinikizo.

Kisa cha 100.01 nimeapa kila mwaka sitakirudia, na kila mwaka nakirudia. Tarehe 15 Agosti 2022 marehemu Wafula Chebukati akatangaza matokeo Bomas, ghasia zikiwa zimetangulia jukwaani, huku makamishna wanne wakiongozwa na Juliana Cherera wakiwa hotelini wakisema hawayatambui. Kesho yake wanne hao wakatoa sababu zao. Mojawapo: asilimia za wagombea, 50.49, 48.85, 0.44 na 0.23, zinajumlika kuwa 100.01. Na hiyo 0.01 iliyozidi, wakasema, ni takribani kura 142,000.

Nilikuwa chumba cha walimu. Redio ilikuwa juu ya kabati. Nilisimama.

Asilimia moja ya kura 14,213,027 ni 142,130. Sehemu ya mia ya asilimia moja ni 1,421. Walikosea kwa mara mia, mbele ya taifa, kwa karatasi iliyoandikwa mapema. Na hata hizo 1,421 hazipo. Kaa na kikokotoo dakika tano. Ruto, ukiacha tarakimu zitiririke, ni 50.48989, unakaribisha inakuwa 50.49. Raila ni 48.84906, inakuwa 48.85. Wajackoyah ni 0.43600, inakuwa 0.44. Waihiga ni 0.22505, na hiyo ndogo ya mwisho inatosha kumsukuma hadi 0.23. Umeona? Wote wanne walikaribishwa kwenda juu. Hakuna hata mmoja aliyeshuka. Hilo hutokea, kama vile shilingi kuangukia upande mmoja mara nne, na likitokea jumla inafura kidogo. Ongeza tarakimu moja tu baada ya nukta: 50.490, 48.849, 0.436, 0.225. Jumlisha. Ni 100.000 safi. Halafu, kwa ajili ya wapenda uchawi, ongeza tarakimu nyingine, zitakuwa 50.4899, 48.8491, 0.4360 na 0.2251, nazo zinarudi kuzidi kwa 0.0001. Kura hazikusogea hata moja. Kinachosogea ni mkasi unaokata tarakimu.

Mpaka leo natumia mfano huo kufundisha makadirio kidato cha pili. Kila mara kuna mtoto anayeuliza, "Mwalimu, na hao walikuwa watu wazima?"

Mahakama ya Juu, majaji wote saba kwa sauti moja, ikakubali ushindi huo tarehe 5 Septemba 2022. Wanaonisoma mpaka hapa watadhani mimi ni wakili wa tume. Sivyo, na mzee wangu wa barazani ana sababu ya kushuku ambayo mimi sina haki ya kuicheka. Yeye alikuwepo 2007. Wote tulikuwepo. Usiku ule pengo la Raila mbele ya Kibaki lilikuwa likipungua kwenye skrini, matokeo ya baadhi ya maeneo yakachelewa, tarehe 30 Desemba Mwai Kibaki akatangazwa na kuapishwa jioni hiyohiyo giza likiingia, na siku chache baadaye mwenyekiti wa tume mwenyewe, Samuel Kivuitu, akasema hajui kama Kibaki alishinda. Zaidi ya watu elfu moja wakafa. Tume ya Jaji Johann Kriegler ikaja kusema mambo yalivurugika kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Kwa hiyo mtu aliyelala mgombea wake yuko mbele akaamka yuko nyuma, mwaka ule, alikuwa na kila haki ya kuuliza. Kosa lake ni kulibeba swali la 2007 na kulitua juu ya 2022 bila kutazama kwamba safari hii karatasi ziliwekwa mtandaoni, angeweza kuzijumlisha mwenyewe kama angetaka kukonda.

Kisha kuna aibu yangu ya 2017. Agosti ile nilimwambia kila aliyenisikiliza kwamba hesabu zimekaa sawa: Uhuru 8,203,290, Raila 6,762,224, pengo ni kubwa, laleni. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wote, majaji wanne kwa wawili. Haikusema nani alishinda. Ilisema matokeo yalitangazwa kabla fomu zote za vituo hazijafika na kuthibitishwa, na tume ilipoagizwa kufungua mitambo yake haikutii sawasawa. Nilikuwa nimejumlisha nambari kwa ustadi mkubwa bila kuuliza nambari zimefikaje. Mwalimu wa hisabati akiisha kupata jibu linalolingana husahau kuuliza swali. Wanafunzi wangu wakafurahi wiki nzima.

Tangu hapo nina mashaka mawili ambayo siyasemi kwenye mafunzo ya maajenti, kwa sababu nikiyasema watu wanazima masikio kwa mengine yote.

La kwanza ni kwamba picha ya 34A kwenye tovuti inathibitisha kitu kimoja tu: fomu haikubadilishwa njiani. Haithibitishi kilichotokea chumbani. Mahali ambapo maajenti wote wanakula sahani moja, au ajenti wa upande wa pili alipewa nauli ya kurudi nyumbani saa sita, fomu inaweza kuwa safi, sahihi zimekamilika, mwandiko mzuri kuliko wangu, na uongo. Mkwaruzo wangu una ajenti sita waliouona ukizaliwa. Fomu isiyo na mkwaruzo ndiyo wakati mwingine huniogopesha.

La pili ni lile la 185. Pengo la Ruto na Raila lilikuwa kura 233,211. Ligawe kwa vituo vyote: kura tano kwa kila kituo. Tano. Mimi peke yangu, kwa uchovu, nilitaka kukosea kwa 27. Vitabu husema makosa ya uchovu huangukia pande zote mbili yakafutana, na kwa kawaida ni kweli, naamini hivyo. Lakini naamini kama mtu anayeamini feri haitazama: kwa sababu bado haijazama nikiwa ndani. Sijui ni wasimamizi wangapi usiku ule walikuwa na tofauti isiyogawanyika kwa tisa.

Haya nilimweleza mzee, kwa ufupi zaidi na kwa kahawa zaidi. Hakukubali. Akaniambia tu, "Nionyeshe." Nikafungua simu, nikamtolea picha ya fomu ya kituo changu, ile yenye mkwaruzo. Akavaa miwani, akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikisogea, akajumlisha kichwani kwa kasi iliyonishangaza, maana aliuza samaki miaka arubaini. "Mia mbili sitini na moja," akasema. "Imekaa." Kidole kikashuka. "Na hizi tatu?"

"Zilizokataliwa."

"Za nani?"

Nikamwambia mbili sijui. Halafu nikamweleza ile yenye sahihi. Alinyamaza kidogo, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kikoi.

"Mwalimu," akasema, "mimi huweka sahihi."